Pua ya Mashine

Dafrosa alinipigia simu asubuhi, mimi nikiwa Tunduru, nikiwapikia watengeneza barabara kambini kwao. Hakunisalimu. Alisema tu, "Mnyasa, mume wangu amefariki." Nikamuuliza, "Yupi?" kwa sababu Dafrosa alikuwa na waume wawili. Mmoja ni Baba Yustina, wa ndoa ya kanisani, anayeshona nyavu kule Mbamba Bay, na wakati huo nilikuwa namsikia akikohoa nyuma yake kwenye simu. Mwingine ni Fundi Otmari wa kiwandani Mbinga, ambaye hakuwahi kumnunulia hata kitenge, na ambaye alikuwa na mke wake mwenyewe na wajukuu. "Wa kiwandani," akasema. Nikasikia chai ikifurika na kumwagika motoni, nikaiacha imwagike.

Nimeishi sehemu nyingi na nimefanya kazi nyingi. Shule niliiacha darasa la sita, si kwa ujinga, ila dirisha la darasa letu lilikuwa linatazama barabara. Nimeuza usipa, dagaa wa ziwani, nimelea watoto wa watu, nimelinda mashamba ya mpunga dhidi ya ndege, nimepika kwenye kambi ambazo sasa hazipo. Popote nilipofika nilitaka kujua kila kitu kinafanyaje kazi, na nikishajua, nyayo zinaanza kuwasha. Kwa hiyo sehemu nyingi nimezisahau. Nikiulizwa nilikaa wapi mwaka fulani lazima nifikiri. Lakini mwaka niliokaa Mbinga kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa unarudi wenyewe bila kuitwa, nikiwa nakoroga ugali au nikiwa nafua, na mara zote huanza na harufu, harufu ya makapi makavu iliyochanganyika na mafuta ya taa.

Kilikuwa kiwanda kidogo, njiani unapotoka mjini. Leo hakipo; palipokuwa na mashine pana ghala la saruji. Wakulima walileta kahawa iliyokwisha kuoshwa na kuanikwa, bado imevaa ganda lake jembamba la rangi ya majani makavu. Mashine ilivua lile ganda na kutoa punje za kijani kibichi upande huu, na upande ule ikatapika makapi. Makapi hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu. Yalikuwa mepesi kuliko pumba za mahindi, na yakisagika yalikuwa vumbi linaloingia hata pale ambapo maji hayaingii. Tuliyakuta kwenye nywele, kwenye chai, kwenye mikunjo ya khanga. Kanisani Jumapili ungeweza kujua nani anafanya kazi kiwandani kwa kuangalia tu masikio yake.

Mimi nilikuwa mshona magunia. Gunia likijaa naziba mdomo wake kwa sindano ndefu na uzi wa katani. Dafrosa, kama wanawake wote isipokuwa mimi, alianzia kwenye meza ya kuchambulia, ambako walikaa wametazamana, wakitoa punje mbaya kwa vidole na kumsema kila mtu aliyepita. Lakini Dafrosa alikuwa anachambua huku shingo imegeukia mashine. Wenzake wakamcheka. "Dafrosa, utakuja kuoa hiyo mashine?" Naye akawajibu, "Afadhali niioe. Ikipiga kelele inazimwa." Baadaye akaomba kufagia chumba cha mashine, kazi ambayo hakuna aliyeitaka, kwa kuwa ukitoka humo unakohoa vumbi mpaka jioni. Hivyo ndivyo alivyoingia mikononi mwa Fundi Otmari.

Tulipanga chumba kimoja, nyuma ya nyumba ya muuza nyama, dirisha dogo linalotazama mgomba. Kitanda kimoja, tulilala mzungu wa nne, kichwa changu miguuni kwake. Kabla ya kulala Dafrosa alipanga matambara yake dirishani kwa ukubwa: la kufutia chuma, la kufutia oili, na dogo la pamba laini alilokata kwenye gauni lake la kipaimara. Nilimwambia, "Wewe, hilo gauni mama yako angeliona ungepigwa." Akaniambia, "Mama hajui beringi." Tulikula maharage yaliyochemshwa mchana kiwandani, tukayapasha kwa jiko la mkaa, na wakati tunakula nilimuuliza na yeye akanieleza: mkanda hufanya nini, mota hupata wapi upepo wa kuipoza, kwa nini vumbi likifunika mota ni sawa na kumfunika mtu blanketi juani. Nilipenda sana kuuliza. Naamini hakuna kitu cha kiwanda kile ambacho sikukiuliza mpaka nikakielewa, isipokuwa kimoja, na hicho nilikicheka.

Fundi Otmari hakuwa mnyenyekevu. Alisomea ufundi chuoni na alihakikisha unajua. Alivaa shati lenye kola chini ya ovaroli, alichana nywele akitumia kioo cha pikipiki alichokipigilia ukutani, na mtu akiiita mashine "kinu" alimsahihisha kama mwalimu. Alikuwa na neno moja ambalo tulikuwa tunamwiga akigeuka: "Mashine haifi kwa uzee, inakufa kwa uchafu." Kila anachojua alikisema kwa sauti kubwa, mara nyingi kwa ukali. Kwa Dafrosa tu ndiko ukali wake ulikuwa na mlango wa nyuma. Babu yake Dafrosa, baba wa mama yake, alikuwa wa ukoo wa Otmari, na kwa hesabu ya ukoo Otmari akawa babu yake, ingawa nywele zake zilikuwa bado nyeusi. Kwetu, babu na mjukuu ni watani. Babu humwita mjukuu mke wake, mjukuu humwita babu mzee asiye na meno, na hakuna anayekasirika. Basi tangu siku ile walipogundua ukoo, Otmari akawa anaingia kiwandani asubuhi na kuuliza, "Mke wangu yuko wapi?" Naye Dafrosa anajibu kutoka chini ya mashine, "Amekukimbia, una kikwapa." Ndiyo ilikuwa salamu yao, baada ya shikamoo.

Na ndani ya utani huo Otmari alimwahidi jambo ambalo halikuwa utani. Alilisema mbele yetu wote, na alilirudia. Msimu ule ukiisha mashine haijalala kwa ubovu hata siku moja, mwaka unaofuata Dafrosa ndiye atakayekaa kwenye swichi. Awashe, azime, asikilize, aamue. Hapakuwa na mwanamke aliyewahi kukaa pale. Usiku huo, Dafrosa akiwa amelala, nilisikia vidole vyake vya miguu vikicheza karibu na sikio langu kama mtoto anayengoja sikukuu.

Jumamosi adhuhuri mashine ilizimwa hata kama malori yanapiga honi nje. Ilikuwa siku ya kuisafisha. Otmari alitupanga: wa kufagia shimo la makapi, wa kupiga brashi mota, wa kufuta grisi ya zamani kabla ya kuweka mpya, kwa sababu grisi ikizidi inashika vumbi na vumbi likishikwa linasaga. "Anza juu," alikuwa anapiga kelele, "vumbi linashuka! Ukianza chini unafanya kazi mara mbili kama mtu mwenye deni la dhambi! Kona kwanza! Na skrubu, usiruke skrubu!" Tukimaliza, tulikaa palepale kwenye sakafu iliyofagiwa na kula pamoja. Wamatengo, wenyeji wa Mbinga, wana sengu yao, wanaume wa ukoo hukusanyika kwa mkubwa wao wakala chungu kimoja na kuzungumza mambo ya nyumba. Otmari aliigeuza ikawa sengu ya kiwanda, wanawake wakiwemo. Ugali, maharage, usipa niliokuwa naletewa kutoka ziwani, togwa kwenye ndoo. Kabla ya kula alikagua masikio yetu. Nimekula kwenye harusi nyingi tangu hapo. Sijakula tena chakula kitamu kama kile, na sijui ni chakula au ni kwamba tulikuwa tumechoka kwa pamoja.

Kabla ya kukaa kula alikuwa na mchezo wake wa mwisho. Juu ya mashine palikuwa na giaboksi, sanduku la chuma lenye meno na oili ndani yake, linalopokea mzunguko wa mota na kuupunguza. Otmari alipanda mwenyewe, hakumruhusu mtu. Huko juu alitoa unyoya wa kuku uliochovywa kwenye mafuta ya taa, akainama, mgongo wake ukitukinga tusione, akafanya anayoyafanya. Nikamuuliza siku ya kwanza, "Fundi, unafanya nini na huo unyoya?" Akageuka, uso mzito kabisa. "Nampenga kamasi. Mashine ina pua. Pua ikiziba, atapumulia wapi?" Halafu akaupitisha unyoya chini ya pua yake mwenyewe akapiga chafya kubwa, "Chaaa!" na Dafrosa akaitikia kutoka chini, "Pole, shemeji!" Tulicheka mpaka togwa ikamwagika. Tangu hapo kila Jumamosi tulingoja chafya ya mashine. Hata meneja, ambaye hakuwa mchekaji, alikuwa anachungulia mlangoni kuisikia.

Leo mimi ni mtu mzima na nimejua kuwa kila giaboksi ina kitundu kidogo juu yake, kimefunikwa kwa kofia ya shaba isiyozidi kifungo cha shati. Ikipata moto, hewa ya ndani inatanuka na kutokea pale. Kikiziba, ile hewa inatafuta njia nyingine, inasukuma oili itoke pembeni, penye sili, zile pete za mpira za kuzuia oili isivuje. Nilikuja kuelezwa hivyo na fundi wa boti kule Lipingo, miaka mingi baadaye, akiwa anakula kwangu samaki. Alisema mafundi wengine wanakiita pua. Niliacha kisu changu juu ya ubao, nikatoka nje nikasimama kidogo.

Katikati ya msimu macho ya Otmari yalianza kuota ukungu, ikabidi aende Songea kutibiwa. Ilikuwa afanyiwe upasuaji na akae huko mpaka apone. Siku ya kuondoka alikuja kiwandani na mkoba wake, kola imepigwa pasi, akasimama mbele ya Dafrosa. "Mke wangu, nakuachia nyumba. Jumamosi usisahau kumpenga huyu mtoto kamasi." Dafrosa akamjibu, "Mpenge mwenyewe, mimi sikumzaa peke yangu." Watu wakacheka, yeye akacheka pia, macho yake yanatoa machozi, na dereva wa lori akapiga honi. Nimeirudia dakika ile mara nyingi. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeaga na kufanya mzaha. Pengine aliona aibu kuonekana ana wasiwasi. Pengine aliamini kabisa kwamba ameshaagiza. Unyoya ulibaki kwenye chupa ya soda juu ya dirisha, na kila aliyeingia aliuona.

Haukupita muda mrefu tangu aondoke, habari zikaja kwamba mgeni mkubwa atatembelea kiwanda. Kwetu mgeni mkubwa akija, mawe ya njiani hupakwa chokaa, miti hupakwa chokaa mpaka kiunoni, na anayesimama sana naye anaweza kupakwa. Meneja alileta madebe ya rangi ya kijani, nzuri, inayong'aa. Akasema Jumamosi hiyo hatusafishi, tunapaka. Tukaimba. Wanaume walipaka milango, wanawake wa mezani walipaka kuta, mimi nilipaka ndoo za mchanga wa kuzimia moto. Mashine aliipaka Dafrosa. Hakukubali mtu mwingine aiguse. Alianza juu, kona kwanza, hakuruka skrubu. Alipofika kwenye giaboksi alipaka taratibu, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo, kama mtu anayempaka mtoto mafuta kabla ya kumpeleka kubatizwa. Nilikuwa chini nimemshikia ngazi. Nilitazama juu nikamwona na jua la dirishani nyuma yake, rangi imemrukia kwenye shavu, na nikamwonea wivu, maana mimi sijawahi kukipenda kitu namna ile kwa muda mrefu namna ile. Akashuka, akarudi nyuma hatua chache kuitazama. "Otmari akirudi," akasema, "atadhani nimeoa mwingine."

Mgeni alikuja, akaonja kahawa, akapita nje ya chumba cha mashine bila kuingia kwa sababu ya kelele, akanywa soda, akaondoka.

Baada ya hapo malori yalizidi na meneja akafuta Jumamosi zetu. "Mashine imepakwa juzi tu," alisema, "inameremeta, mnataka kusafisha nini tena?" Sengu yetu ikafa bila mtu kuitangazia kifo. Kila mmoja alikula alipo, amesimama. Dafrosa hakuacha kazi yake. Alifuta asubuhi kabla ya kuwasha na jioni baada ya kuzima. Ndipo akaanza kuona oili ikichuruzika pembeni mwa giaboksi, kidogo tu, kama jasho. Alinieleza chumbani. "Inatokwa na jasho, Mnyasa. Joto la rangi mpya, labda." Nikasema labda. Akawa anafuta. Kila jasho lilipotoka alilifuta, mpaka lile tambara la pamba la gauni la kipaimara likawa jeusi. Angekuwa mfagiaji mvivu, oili ingetiririka sakafuni, makapi yangeishika, tope jeusi lingejaa pale na hata meneja angeuliza kuna nini. Lakini Dafrosa alikuwa msafi. Mtu akiingia aliona mashine inang'aa kama sahani ya Krismasi, na ndani yake oili inapungua siku hadi siku.

Mashine ililala wakati tunasikiliza kengele ya saa sita ya kanisani. Kwanza sauti nyembamba, kama paka, kisha ngurumo, kisha vyuma vikasagana na mkanda ukaruka ukapiga ukuta. Dafrosa ndiye aliyekimbilia swichi akazima. Palikuwa na moshi, na kimya. Mashine ikizima ghafla, kimya chake kina uzito. Wanawake wa mezani walisimama, punje mikononi. Nje dereva mmoja akauliza, "Vipi, mmekwenda kula?" Meno ya giaboksi yalikuwa yamekatika. Malori yakageuzwa, yakapelekwa Songea na kahawa yake, na wakulima waliokuja nayo walituangalia kwa namna ambayo sitaki kuieleza.

Otmari alirudi kabla hajaruhusiwa vizuri, amevaa miwani myeusi, anashikwa mkono na mtoto wake. Hakutusalimu. Akaomba ngazi. Alipanda akipapasa, na huko juu hakutazama, alitafuta kwa kidole. Kidole kilipita juu ya giaboksi, kikasimama mahali, kikarudi. Akakwaruza kwa ukucha. Kipande cha rangi ya kijani kikaanguka mpaka miguuni kwangu, mviringo kama kifungo.

"Nani amepaka hapa?" akauliza.

"Nimepaka mimi, babu," akasema Dafrosa.

"Nilikuambia umpenge kamasi."

"Nilidhani unatania, babu."

"Mimi?" Sauti ilikuwa ndogo sana kwa mtu kama yeye. "Mimi naweza kutania mashine?" Akashuka. Alipofika chini aligeuza miwani ile upande wake na kusema, "Dafrosa, toka humu."

Nimesikia watu wakitukanwa matusi ya kila aina katika safari zangu. Sijasikia tusi zito kama lile. Alimwita jina lake. Tangu utani wao uanze hakuwahi kumwita Dafrosa, na watu wote mle ndani walisikia kwamba si mke tena, si mjukuu tena. Meneja akaona amepata njia rahisi, akamwambia arudi mezani kuchambua. Dafrosa alikaa mezani asubuhi moja. Wanawake walimpisha vizuri tu, hakuna aliyemcheka, na nadhani hilo ndilo lililomshinda. Jioni alikusanya matambara yake dirishani, akayafunga kwenye khanga. Mimi nyayo zilikuwa zimeanza kuwasha siku nyingi. Nikamwambia, "Twende ziwani. Dunia ni pana." Ni maneno ninayomwambia kila mtu. Kwangu ni ya kweli. Kwake yeye sijui kama yalikuwa ya kweli, na sikumuuliza, mimi niulizaye kila kitu.

Tukateremka Mbamba Bay, tukafungua kibanda cha chai na samaki wa kukaanga karibu na pale magari yanapogeuzia. Alijifunza haraka kupasua mbasa. Kibanda chetu kilikuwa kisafi kuliko vyote, watu walikuwa wanakuja kukitazama tu. Mara moja, msimu mwingine wa kahawa ulipokuwa unakaribia, dereva wa gari la Mbinga alishuka akicheka tangu mlangoni. "Nani hapa mke wa Fundi Otmari? Amenipa ujumbe, kaniapisha nisiupunguze. Anasema, mwambie mke wangu arudi nyumbani, mume wake ana mafua na hakuna wa kumpenga kamasi." Abiria waliokuwa wanakunywa chai wakaanguka kwa kicheko. Dafrosa alisimama na mwiko mkononi, mafuta yanachemka, na macho yakamjaa. "Amesema mke wangu?" Dereva akasema, "Hivyohivyo." Tulifurahi siku ile. Tulimpa dereva samaki wa bure. "Hasira zimeisha," Dafrosa aliniambia tukiosha vyombo. "Nitakwenda nimsalimie." Alisema hivyo mwaka ule na mwaka uliofuata. Aliona haya kukiona kiwanda, kisha akaja Baba Yustina, kisha watoto, na mimi nilikuwa nimeshaondoka, niko ng'ambo ya mto nalinda mpunga. Salamu ya mtu aliyekusamehe haina haraka. Unaiweka moyoni kama akiba, unasema ipo.

Msiba ulikuwa Litumbandyosi, kwao Otmari. Tulikutana Mbinga mjini, Dafrosa na mimi, tukatazamana nywele, zimeota mvi. Tulifika asubuhi, moshi wa majiko umejaa uani, wanawake wanamenya ndizi. Tukaingia ndani kutoa pole. Mjane, Bibi Kandida, alikuwa amekaa kwenye mkeka na miguu imenyooshwa, mdogo kuliko nilivyomkumbuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Macho yangu nayo yamekwisha. Nani?"

"Dafrosa, bibi. Wa kiwandani."

Akamshika mkono, akaukagua kiganja. "Mke mwenzangu," akasema. "Ndiyo unakuja leo? Kazi zote za mzee umeniachia peke yangu?" Wanawake wakacheka kidogo, kicheko cha msibani, na Dafrosa akacheka. Lakini bibi hakuuachia mkono. "Alikungoja," akasema.

"Mimi, bibi?"

"Mashine ilipata giaboksi mpya. Meneja akaleta kijana wa kukaa kwenye swichi, Otmari akasema huyo hafai, masikio mazito. Akaleta mwingine, hafai, anavuta sigara. Ukaisha msimu mzima anawasha mwenyewe, na macho yale. Alimwambia meneja kosa la pua ni lake yeye, hakukuonyesha, alijificha nayo kama mtoto na pipi. Akataka mahali pako kwenye swichi pabaki wazi. Mimi nikamwambia, mwandikie basi. Ananiambia, nimeshamwita. Nimemwita mke wangu mbele ya watu, anataka nimwite vipi tena?"

Nje mtu alikuwa anapasua kuni.

"Tulidhani ni salamu, bibi," nikasema mimi.

"Otmari," akasema Bibi Kandida, "hakuwa mtu wa salamu."

Tukatoka uani kungoja mazishi. Nilitaka kumwambia Dafrosa kitu, nikatafuta, nikakuta nina maneno ya njiani tu. Nilimfikiria yule mzee kwenye swichi, anawasha kwa kupapasa, anaangalia mlangoni kila gari la ziwani likipiga honi. Mtu mzima kwetu hamwangukii mjukuu miguuni. Aliomba msamaha kwa mdomo pekee aliokuwa nao, na sisi tukampa dereva samaki.

Mjukuu ana ruhusa msibani ambayo mtoto hana. Jeneza lilipowekwa kando ya kaburi, wajukuu walilizuia, wakadai babu asishuke mpaka awalipe, mmoja akalala udongoni akasema na yeye azikwe humo kwa kuwa hana nauli ya kurudi. Katekista akangoja, anatabasamu. Ndipo Dafrosa akatoka kati ya wanawake. Barabara ilikuwa na vumbi na jeneza lilikuwa limefunikwa wekundu wake. Alivua khanga ya mabegani, akaanza kulifuta. Alianza juu. Kona kwanza. Watu wakaanza kucheka kwa namna anavyofanya kwa bidii, "Tazameni, bi mdogo amekuja na usafi!" Hakuwaangalia. Alifuta vishikio, akafuta pembeni, akafuta pale usoni, taratibu, kwa ncha ya khanga. Halafu akainama karibu.

"Mume wangu, nimerudi," akasema, kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Mafua yamepona?"

Watu walicheka sana. Hata waliobeba kamba walicheka, na yule aliyelala udongoni akajibu, "Ameshapona, bibi! Mwache apumzike!" Nilimtafuta Bibi Kandida kwa macho, nikamwona ameshika fimbo yake, hacheki.

Dafrosa alingoja kidogo, kichwa kimeinamia upande, kama alivyokuwa akisikiliza mashine. Kisha akaifuta skrubu ya mwisho, akasogea, wakamshusha.